Mjadala: Je, safari ya siku tano ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ifutwe?

Ndugu zangu wa Moshi, Arusha na kwingineko mnaoishi kwa kuutegemea mlima, naleta mezani swali ambalo kila msimu tunalizungumza getini tukisubiri wageni wajiandikishe, kisha tunaliacha palepale. Je, kampuni ziendelee kuruhusiwa kuuza safari ya siku tano kwa njia ya Marangu, au Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iweke sharti kwamba safari isiyo na usiku wa ziada wa kuzoea hewa haipewi kibali? Mimi nasema ifutwe. Nimebeba mizigo katika njia hiyo nikiwa mgumu, yaani mpagazi, kwa miaka sita kabla ya kuwa mwongozaji, na sababu yangu kubwa siyo ile inayotajwa mara nyingi.

Inayotajwa mara nyingi ni ya kitabibu, nayo ni ya kweli, kwa hiyo nianze nayo. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa siku tano hulala usiku wa kwanza kwenye vibanda vya Mandara, mita 2,720, na usiku wa pili Horombo, mita 3,720. Jioni ya siku ya tatu yuko Kibo, mita 4,720, anapojilaza saa chache tu kabla ya kuamshwa saa tano usiku ili aanze kupanda kuelekea Gilman, kwenye ukingo wa kreta, na hatimaye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Hii maana yake ni kwamba kimo anacholala kinaongezeka kwa mita 1,000 kila siku, ilhali miongozo ya matabibu wa milimani inashauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne alale tena palepale alipolala jana. Pale Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Mwili unaweza kujirekebisha, lakini unadai siku zake, na siku hizo hazifupishwi na ujana, mazoezi wala kifua kipana. Nimewahi kumpandisha kijana mkimbiaji wa mbio ndefu ambaye alitapika usiku kucha nyuma ya kibanda cha Kibo, huku mama yake, aliyekuja naye na kutembea pole pole tangu getini, akinywa chai na kumshikia taa.

Safari ya siku sita huongeza usiku mmoja tu pale Horombo. Siku ya katikati mgeni hupanda taratibu hadi kwenye miamba yenye mistari ya pundamilia, au mbele zaidi kuelekea kilele cha Mawenzi, kisha hurudi kulala palepale. Hata hivyo bado anaruka mita 1,000 kutoka Horombo hadi Kibo, na sitajidai kwamba siku sita zinatimiza kila ushauri wa matabibu. Ninachosema ni kwamba siku ya sita inarudisha mlimani kitu ambacho siku tano zimekiondoa, na hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwongozaji msaidizi wa wageni wanne katika safari ya siku tano ya kampuni ambayo sitaitaja. Asubuhi ya siku ya tatu pale Horombo, mmoja wao, mwanaume wa makamo, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akijaribu kufunga kamba za kiatu. Alishika ncha mbili za kamba, akazitazama, akazizungusha, zikamponyoka. Akaanza upya mara tatu. Nilipomuuliza kama kichwa kinamuuma alisema kidogo tu. Uji hakuugusa. Nilimwendea mwongozaji mkuu, nikamwambia kwamba mtu huyu anapaswa kulala hapa usiku mwingine mmoja. Alinijibu kwa sauti ya chini, wala si kwa ubaya, kwamba chakula tulichobeba ni cha siku tano, vitanda vya Kibo vimelipiwa kwa usiku ule na si mwingine, na wageni wana ndege pale KIA jioni ileile ya kushuka. Tungeweza kumrudisha chini, lakini hiyo ingekuwa kumwambia mtu aliyeweka akiba miaka miwili kwamba safari yake imekwisha kwa sababu ya kamba za viatu. Tukampandisha.

Saa tatu usiku, kwenye sakafu ya kibanda cha Kibo, nilimtaka atembee kwa kuunganisha kisigino na vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya pili akaangukia ukuta. Hiyo ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kumshusha mtu saa ileile. Tulimshusha kwa machela ya gurudumu moja, watu sita tukipokezana, gurudumu likigonga mawe gizani na yeye akilalamika kila lilipogonga. Tulipokaribia Horombo alianza kutaja jina la mkewe, kisha akaomba maji. Alipona.

Katika mafunzo yetu sote tumefundishwa vizuri: dalili zikiwapo usipande zaidi, zikizidi shuka. Kati ya kupanda na kushuka kuna uamuzi wa tatu, nao ni kubaki ulipo hadi mwili ukukubalie, na mara nyingi ndio uamuzi sahihi. Safari ya siku tano imeufuta uamuzi huo kabla mwongozaji hajafika getini, kwa sababu hakuna kitanda, hakuna chakula na hakuna siku. Anabaki na mawili, na yote mawili yanamwumiza mtu. Tena tuseme ukweli kuhusu tipu, ambayo kwa wengi wetu ndiyo karo ya watoto: hutolewa mwisho wa safari, na mgeni aliyeguswa na furaha ya kilele hutoa kwa moyo tofauti na mgeni aliyeshushwa Horombo akiwa amenuna. Kumwachia mwongozaji peke yake abishane na mgeni, na kampuni na tumbo lake mwenyewe saa tatu usiku si haki. Sharti la Hifadhi lingemwondolea mzigo huo.

Nawakumbuka pia wagumu. Kikomo cha mzigo ni kilo 20 na mizani ipo getini, lakini hakuna anayempima mgumu kichwa. Naye anatoka Moshi mjini asubuhi na kufika Kibo siku ya tatu kama mgeni, tena akiwa amebeba maji, kwa kuwa Kibo hakuna maji na lazima yatolewe kwenye chanzo cha mwisho huko chini. Mgumu akiumwa hunyamaza, kwa sababu anayelalamika haitwi safari ijayo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaende pamoja: Hifadhi isitoe kibali cha njia ya Marangu bila usiku wa pili Horombo, na ada ya usiku huo ifutwe au ipunguzwe sana, ili kampuni zisiende kuifidia kwenye ujira wa wagumu. Karibuni mnipinge.

Mchango wa kwanza, kutoka kwa mwongozaji wa Arusha

Kaka, nimekusoma hadi mwisho, na habari ya kamba za viatu imenigusa kwa sababu nami nina yangu inayofanana nayo. Naunga mkono nia yako, lakini kipimo chako nakipinga. Kazi yangu kubwa ni Mlima Meru. Wageni wangu wengi hulala Miriakamba, mita 2,514, kisha Saddle, mita 3,570, na wengine jioni hiyohiyo hupanda Meru Ndogo na kurudi, kabla ya kufika kilele cha mita 4,566 alfajiri. Wakipumzika mjini siku moja au mbili na kuja kwenu Marangu, damu yao imeshaandaliwa. Watu hao hupanda kwa siku tano wakiimba. Ukiwalazimisha siku ya sita unawatoza kwa ajili ya kitu ambacho wameshakilipia Momella, kwenye geti la Meru, na utakuwa umeua safari bora kuliko zote tunazoweza kumpa mgeni, yaani milima miwili kwa mpigo mmoja.

Pili, kuhesabu siku kunadanganya. Njia ya Machame ya siku sita inampitisha mgeni kwenye Mnara wa Lava, zaidi ya mita 4,600, kisha inamshusha alale Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Njia ya Umbwe nayo inaweza kuuzwa kwa siku sita, lakini inapanda kwa ukali kiasi kwamba siku sita zake si sawa na siku sita za Machame. Sheria ikitaja idadi ya siku, kampuni zitatimiza idadi na kuacha maana. Sheria itaje kimo mtu anacholala.

Mchango wa pili, kutoka kwa mkazi wa Moshi anayeratibu makundi ya Watanzania

Kaka zangu, nyote mnazungumza kana kwamba mlima ni wa wageni wa nje tu. Kila mwaka kuelekea tarehe 9 Desemba nakusanya watumishi, walimu na wafanyabiashara wadogo wanaotaka kufika pale Alexander Nyirenda alipopeleka mwenge na bendera mwaka 1961. Kwa hawa ada za Hifadhi si tatizo kubwa, kwa sababu raia hulipa kidogo. Tatizo ni likizo. Mwalimu akipata siku tano amepata nyingi, na mkiongeza ya sita mnamwambia abaki nyumbani autazame mlima kutoka dirishani kama alivyoutazama tangu utotoni.

Halafu kuna jambo ambalo mwanzisha mada amelipita haraka. Horombo wanalala wanaopanda, wanaozoea hewa, na wanaoshuka kutoka kileleni, wote usiku mmoja. Katika miezi ya wageni wengi tayari tunabanana. Kila mtu akilala pale usiku wa ziada, vitanda vitatoka wapi?

Jibu la mwanzisha mada

Nashukuru sana. Kaka wa Arusha, kuhusu Meru umenishinda, na nabadilisha pendekezo langu. Hifadhi ya Arusha na Hifadhi ya Kilimanjaro zote ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo uthibitisho kwamba mgeni amelala Saddle siku chache zilizopita uko ndani ya taasisi ileile inayotoa kibali cha Marangu. Aliyelala juu ya mita 3,500 ndani ya wiki moja kabla ya kufika getini aruhusiwe siku tano. Nasema wiki moja kwa makusudi, kwa sababu faida ya kuzoea hewa huisha mtu akikaa chini, na sitaki kibali cha Meru cha mwezi uliopita kigeuzwe karatasi ya kupitishia watu. Kuhusu kimo cha kulala badala ya siku, nakubali kwamba ndicho kipimo cha kweli, ila askari wa getini anaweza kuhesabu usiku uliolipiwa kwa dakika moja, na sheria inayokaguliwa kirahisi ndiyo inayofuatwa. Kwa Marangu, yenye vibanda vitatu tu, usiku na kimo ni kitu kimoja. Kwa Umbwe na njia nyingine za mahema, nakuachia wewe uandike kipimo, kwa kuwa unazijua vizuri zaidi.

Dada wa Moshi, kwa Watanzania sitalegeza, kwa sababu damu yetu haizoei hewa nyembamba haraka kwa kuwa tumezaliwa chini ya mlima; Moshi mjini iko chini ya mita 1,000. Lakini tuihesabu likizo pamoja. Kundi linaloanza Jumatatu kwa siku tano linatumia siku tano za kazi. Kundi linaloanza Jumamosi kwa siku sita linatoka getini Alhamisi, likiwa limetumia siku nne za kazi. Mwalimu wako anapata usiku wa ziada Horombo na anabakiwa na siku moja ya kupumzisha magoti. Usumbufu utakuwa kwetu waongozaji, kwa kuwa wengi watataka kuanza siku moja, na huo naukubali.

Vitanda vya Horombo ndivyo vinavyoninyima usingizi, na hapo umenishika. Kuwashusha waliotoka kileleni hadi Mandara siku ileile ni ukatili: tayari kutoka Uhuru hadi Horombo wameshuka zaidi ya mita 2,000 bila kulala, na kuongeza mita 1,000 nyingine ni kuwavunja. Kinachobaki ni kuongeza vibanda, jambo ambalo litachukua miaka, au kuweka ukomo wa vibali vya Marangu kwa siku. Nachagua ukomo. Najua maana yake: kampuni zinazouza Marangu kwa bei ya chini zitapoteza wageni wengine, na baadhi yao watahamia njia za Rongai au Machame. Huko nako kuna wagumu wanaohitaji kazi, tena kwa siku nyingi zaidi.

Jambo moja hakuna aliyeligusa, nalo ndilo ninaloliogopa kuliko vitanda. Siku ya sita ni siku ya kazi kwa mpishi na kwa kila mgumu aliye Horombo, hata kama hatembei na mzigo. Wapo watakaosema kwamba ni siku ya mapumziko na kwamba ujira wake ni nusu. Ningependa wagumu na wapishi mliomo humu mwandike wenyewe: katika safari za siku sita mlizofanya hadi sasa, ile siku ya Horombo mlilipwa kamili, mlilipwa nusu, au hamkulipwa?