Familia yetu: Kariakoo kwetu

Zai: Shikamooni wote. Mjomba naomba msaada, mtoto kapewa kazi shuleni aandike historia ya mtaa wa kwao, nikamwambia aandike Kariakoo kwa bibi, sasa ananiuliza jina limetoka wapi nimebaki namtazama tu

Mjomba: Marahaba mama. Ni Carrier Corps hiyo, watu wakalitamka kivyao. Muingereza alipoichukua Dar kwa Mjerumani 1916 ndo akaweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi

Shangazi: Na aandike hawakwenda kwa kupenda!! Wengi walikamatwa tu vijijini wakabebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu, wakafa makumi kwa maelfu, wengi maradhi na njaa hata risasi hawakuiona

Idi: Kumbe na Kariokor ya Nairobi ndo hilohilo? Mi nimezaliwa Kariakoo na sikujua

Mjomba: Ndo hilohilo

Zai: Na nyumba ya bibi aielezeje, pale si ghorofa sasa

Shangazi: Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, korido katikati mpaka uani, jiko na choo huko huko mnatumia wote. Sisi tulikaa viwili vya mbele, vingine wapangaji, Mzaramo, Mndengereko, Mmanyema, yule mama wa Kinyamwezi, na ukipika samaki lazima sahani itoke kwenda kwa jirani yaani hakuna kuulizana kabila. Barazani sakafu nyekundu, ila kwenye kona ya kulia palikuwa peusi hapatakati hata usugue vipi, ndo mama alipokuwa anaweka jiko la mkaa akichoma vitumbua kila alfajiri. Nikifumba macho napaona

Idi: 😢

Mjomba: Asisahau soko. Lile jipya alilichora Beda Amuli, Mwalimu akalifungua 1975, yale mapaa ya zege ni kama miti, maana soko letu la asili ni chini ya mti. Lilivyoungua Julai 2021 sikulala

Mjomba: Halafu mpeleke Sanamu ya Askari pale Samora, ya 1927, akasome. Hata wapagazi wametajwa kwenye maandishi yake, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi

Zai: Jumamosi nampeleka. Shangazi tukupitie?

Shangazi: Nipitieni saa tatu. Tukitoka hapo twende na kwetu, nimuonyeshe baraza ilikuwa upande gani