Timu ya vijana ya hoki ya barafu: mchezaji anapewa nini hasa?

Swali: Wakuu, timu ya Marekani ikimwita kijana wa miaka 17, analipiwa nini?

Jibu: Inategemea ngazi. USHL, ligi ya ngazi ya juu ya vijana Marekani, haitozi ada; vifaa na malazi kwa familia mwenyeji ni juu ya timu. NAHL, ligi ya ngazi ya pili, nayo haina ada ya kucheza, ila mzazi huilipa familia mwenyeji kila mwezi. Ngazi ya tatu unalipa karibu kila kitu.

Jibu: Kama ni golikipa, uliza wamesajiliwa wangapi. Kwa mechi moja ni magolikipa 2 tu huvaa vifaa, wa tatu anabaki jukwaani. Uliza pia nani hunoa vyuma vya viatu vya barafu: makali yakifa upande mmoja, mguu unateleza kwenye kona.

Jibu: Kanada, WHL (ligi ya vijana ya magharibi) hutoa mwaka 1 wa ada ya chuo na vitabu kwa kila msimu aliocheza. Soma masharti kabla ya kusaini, tafadhali.