Wakuu, x = sin t, y = sin² t: grafu yake inaishia wapi?

Kokoto: Wakuu, kuna swali la parametriki, yaani x na y zote zinafuata t, linaninyima usingizi. x = sin t, y = sin² t, chora grafu. Nimeondoa t, nikapata y = x². Parabola, kazi imekwisha. Sasa kuna watu wamechora kipande tu, kama bakuli. Nani yuko sahihi? Picha hiyo hapo. Nahitaji jibu kabla ya kesho saa mbili.

Mzee wa Kona: Pakua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, acha kujitesa.

Binti Pembetatu: Wa bakuli wako sahihi. Sine haizidi 1 wala haishuki chini ya −1, sasa x = 5 umeitoa wapi? Tengeneza jedwali: t ikiwa 0 uko (0, 0), π/2 uko (1, 1), π umerudi (0, 0), 3π/2 uko (−1, 1). Nukta inaenda na kurudi kama mtoto kwenye bembea.

Kokoto: Lakini mlinganyo si ni uleule?

Binti Pembetatu: Ukiondoa t ukasahau mipaka yake, umechora barabara ambayo gari halipiti.

Baiskeli Swala: Fomu faivu nilibandika chaki pembeni ya tairi, nikasukuma baiskeli kando ya ukuta. Yakatoka matao safi: x = r(t − sin t), y = r(1 − cos t). Saikloidi hiyo. Kila tao lina urefu wa 8r, r ikiwa nusukipenyo cha tairi; Mwingereza Christopher Wren alishalipima 1658. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi juzi yake. Fimbo za mzee sikuzihesabu.

Pilipili: Mleta mada, hilo bakuli limekoseshwa kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi gani anatembea na kalamu nyekundu?

Kokoto: Sawa. Mwalimu ni mimi, wa kujitolea. Ubaoni nilichora parabola nzima, na mishale juu. Wanne wakachora kipande, nikawakosesha. Maksi zimeshafika kwa mwalimu wa taaluma, kesho narudisha karatasi. Nafikiri niache tu, tuingie mada nyingine. Fomu siksi wakijua umekosea, hawakusikilizi tena.

Mama Wawili: Mwanangu, hao watoto wamekesha. Utawatazamaje?

Pilipili: Chai hii! Mwezi wa tatu huyuhuyu alikuwa fundi friji, mke kamkimbia. Leo anafundisha Advance?

Mzee wa Kona: Kweli bwana, uzi nimeufukua!

Kokoto: Friji ni za jioni. Posho ya kujitolea unaijua wewe?

Binti Pembetatu: Tuachane na friji. Wale wanne unawarudishia maksi zao?

Mzee wa Kona: Kabla hajajibu: yangu inaganda juu, chini hakuna baridi, inatoa jasho tu. Ni gesi?

Kokoto: Usikimbilie gesi mkuu. Bana noti kwenye mlango, ivute. Ikichomoka kirahisi, raba imekwisha.

Binti Pembetatu: Kokoto.

Kokoto: Swali nimeliona.