Amplifaya kwenye redio ya asili ya Premio: mlio unaopanda na injini, na betri inayokwisha gari likiwa limezimwa

Msafiri wa Arua

Salaam, ndugu zangu. Ninaendesha Toyota Premio ya mwaka 2005 iliyotoka Japani ikiwa na redio yake ya asili, ile yenye skrini inayoonyesha pia kamera ya nyuma, na kwa sababu hiyo sipendi kuing'oa. Hivi karibuni nilinunua Kampala amplifaya ya chaneli 4, wati 75 halisi kwa kila chaneli, nikampa fundi aifunge kwenye buti. Alikata waya za spika nyuma ya redio, akaziunga kwenye kigeuzi kidogo chenye matundu ya RCA (ya waya wa kupeleka ishara ya sauti), kisha akapitisha waya za RCA na waya wa umeme pamoja chini ya kapeti.

Muziki una nguvu, sikatai, ila nimepata shida mbili. Ya kwanza ni mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda ninapokanyaga mafuta na kushuka ninapoachia. Ya pili ni kwamba gari likilala siku mbili, asubuhi haliwaki. Fundi anasema redio ya asili haipatani na amplifaya ya kununua, kwa hiyo nitafute redio nyingine. Je, ni kweli? Kutoka Kampala hadi Arua ni mbali mno kusafiri na mbu masikioni.

Mkazi wa Jinja

Ndugu Msafiri, mimi ningemsikiliza fundi. Nilibadilisha redio ya gari langu, nikapata matundu ya RCA yaliyo tayari na waya wa kuwashia amplifaya, na kelele zote zikaisha siku hiyohiyo. Kamera ya nyuma huweza kuunganishwa kwenye redio mpya.

Fundi Waya

Ninaheshimu maoni ya Mkazi wa Jinja, lakini redio mpya ikifungwa juu ya waya zilezile, mlio unaweza kuhamia nayo. Dalili zote mbili ulizozieleza hutokana na ufungaji, na kila moja ina chanzo chake.

Nianze na betri, kwa kuwa ndiyo rahisi. Amplifaya huwa na waya mwembamba wa kuiamuru iwake, na redio nyingi za asili hazina pa kuuchomeka. Ninashuku kwamba fundi aliuunga kwenye waya wenye umeme wakati wote, hivyo amplifaya haizimiki hata ukitoa ufunguo. Amplifaya iliyowaka bila muziki inaweza kula takriban ampea 1, yaani ampea-saa 48 kwa siku mbili, wakati betri ya saizi ya NS60 ina kama 45 tu ikiwa mpya. Waya huo uhamishiwe kwenye laini ya aksesori, ambayo kwenye plagi za Toyota nyingi za miaka hiyo ni ya kijivu, lakini usiamini rangi mpaka mita ikuthibitishie kwamba volti zinakuja ufunguo ukiwashwa na kupotea ukizimwa.

Mlio unaofuata injini hutoka kwenye alteneta, yaani mashine inayochaji betri, na mara nyingi mlango wake ni ethi mbovu, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari. Pima hivi: injini ikiwa inanguruma na muziki unalia, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye tundu la ethi la amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri. Ukiona zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, ethi haijashika. Mafundi wengi hukaza waya kwenye bolti yoyote wanayoiona, juu ya rangi, ilhali rangi haipitishi umeme. Kwangua hadi chuma king'ae, tumia waya wa unene uleule wa ule wa chanya, usiozidi nusu mita, kisha paka grisi juu yake ili kutu isiingie.

Kama ethi ni nzuri na mlio bado upo, chomoa RCA kwenye amplifaya. Mlio ukinyamaza, kelele inaingia kupitia njia ya ishara, na hapo ndipo utakapozitenganisha RCA na waya wa umeme, kila mmoja upande wake wa gari. Usipige waya wowote wa spika wa redio kwenye bodi, hata ule wa hasi. Redio hizi husukuma spika kwa pande zote mbili, na kila waya una takriban volti 6 wakati redio imewaka, hivyo kuugusisha na chuma ni njia ya haraka ya kuiua.

Dereva Mstaafu

Ningependa kuongeza habari ya fyuzi, maana hakuna aliyeitaja na gari huweza kuungua kwa ajili yake. Wati 300, kwa amplifaya ya daraja D inayotumia vizuri kama asilimia 80 ya umeme, zinahitaji kama wati 375, ambazo kwa volti 13.8 ni ampea 27. Waya wa shaba wa milimita mraba 8 unatosha kufika kwenye buti, na fyuzi ya ampea 40 ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya huo wote. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya yenyewe haiwezi kukusaidia waya ukichubuka katikati ya safari. Pia kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe ndani badala ya wekundu, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme kidogo kuliko unene wake unavyodai.

Msafiri wa Arua

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Kwenye ethi mita ilisoma volti 0.6. Bolti ilikuwa juu ya rangi, kama alivyobashiri Fundi Waya. Nimekwangua, sasa inasoma 0.03, na mlio umetoweka nikicheza diski, ila kwenye redio ya FM bado unasikika kwa mbali. Waya wa kuwashia ulikuwa kweli kwenye umeme wa kudumu, nao nimeuhamisha. Fyuzi ya kwenye betri haikuwepo kabisa! Nimeiweka. Jambo jipya ni kwamba nikipandisha sauti kupita robo tatu, bezi hupungua badala ya kuongezeka.

Fundi Waya

Mlio wa FM pekee haupiti kwenye amplifaya. Redio ya Japani ya miaka hiyo huishia megahezi 90 na stesheni zetu hufika 108, kwa hiyo waya wa antena una kiboksi cha kuzishusha stesheni, nacho kina ethi na umeme wake. Kikague vilevile ulivyokagua amplifaya.

Kuhusu bezi, baadhi ya redio za asili hutengenezwa zipunguze bezi kwa makusudi sauti inapokuwa juu, ili zisipasue spika ndogo za kiwandani. Usiilazimishe. Iache redio kwenye nusu hadi robo tatu, kisha nguvu iliyobaki uitafute kwenye kitufe cha geini (cha kuongeza ukuzaji wa ishara) cha amplifaya. Spika zikiwa zimechomolewa, cheza mlio wa majaribio wa hezi 1000 na upime matokeo ya amplifaya: kwa wati 75 kwenye spika ya omu 4, simama mita ikifika volti 17.3.