Intaneti ya kijiji: modemu, dishi au redio ya pamoja?

Mwalimu_Yumbe: Wadau, salamu. Kijiji chetu kiko kama kilomita 12 kutoka Yumbe mjini. Tuna shule, kituo cha afya na maduka, na tunataka kuchanga tupate intaneti ya kueleweka. Kwa sasa kila mtu na bando lake, na ukiingia ndani ya nyumba mtandao unapotea. Tuchukue modemu ya 4G, dishi la setilaiti, au redio, yaani antena mbili zinazorushiana mawimbi, ya kuvuta intaneti kutoka mjini?

Fundi_Arua: Dishi la zamani achana nalo, mwalimu. Setilaiti zake ziko kilomita 36,000 juu, jibu linachelewa kama nusu sekunde. Somo la video mtakuwa mnakatizana maneno. Zile za kilomita 550 hivi zina kasi kweli, ila hakikisheni kwanza kampuni ina leseni Uganda, msije mkanunua kifaa kikazimwa.

Dada_Koboko: Modemu ni rahisi kuanza nayo, lakini shule ikifungua video mbili tatu, bando limekwisha. Tena tangu 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, ulioingia badala ya zile shilingi 200 za kila siku za kutumia mitandao ya kijamii. Data ya huduma za elimu na afya ilisamehewa. Waulizeni kampuni hilo kabla ya kusaini.

Mzee_Gulu: Redio, wanangu. Huku Gulu mradi wa BOSCO ulianza 2007, ukafikisha waifai ya masafa marefu kwenye kambi za waliokimbia vita, kompyuta zikitumia sola. Laini moja nzuri, watu wengi. Ila antena lazima zionane, na kuonana kwa macho hakutoshi. Kwa kilomita 12 na redio za 5 GHz, acheni kama mita 10 za uwazi juu ya mti mrefu ulio katikati ya njia. Majani yakilowa mvua, kasi inaanguka na mtalaumu mashine bure.

Mwalimu_Yumbe: Asante mzee wangu. Kutoka kilima cha shule mnara wa mjini unaonekana, ila kuna miembe miwili njiani. Na matengenezo?

Fundi_Arua: Bomba refu zaidi la kushikia antena litavuka miembe, msiikate. Pesa ya betri itengeni tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu betri hufa mapema kuliko redio. Maduka yasubiri: kuwauzia intaneti kunataka leseni ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. Anzeni na shule na kituo cha afya.