Mkeka wa gofu umetiki, nimelipwa nusu. Hii ni haki kweli?

Wakuu, nipo Kibirizi, Kigoma, na nina hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Kampuni moja ya kubeti, jina naliacha, imenilipa nusu ya hela ya mkeka ulioshinda. Sizungumzii mkeka uliochanika. Mkeka umetiki, wenyewe wameandika "umeshinda" kwa rangi ya kijani, halafu hela iliyoingia ni nusu.

Mimi ni mtu wa boti za dagaa. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali hatuingii ziwani. Dagaa anafuata taa, na mwezi ukiwaka taa zetu hazifui dafu. Sasa Masters ya mwaka 2025, ile gofu ya Augusta kule Georgia, Marekani, siku yake ya mwisho iliangukia Jumapili tarehe 13 Aprili, mwezi ukiwa mpevu kabisa. Boti zote zipo ufukweni. Tukachangiana bando, simu tukaiegemeza kwenye ndoo, tukakaa kuangalia kuanzia saa tatu na nusu usiku.

Gofu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuicheza. Mimi nilianza kuifuatilia Juni 2024, nilipomwona Bryson DeChambeau akichukua US Open pale Pinehurst. Shimo la 18, mpira umezama mchangani, mbali, akautoa ukaenda kusimama hatua chache kutoka kwenye shimo. Akamshinda Rory McIlroy kwa mkwaju mmoja, maana kwenye gofu anayepiga mikwaju michache ndiye mshindi. Toka siku hiyo nikiweka gofu namweka yeye.

Nikaweka 15,000, DeChambeau amalize ndani ya tano bora, odi 4.00. Mkeka ukaandika: ushindi 60,000. Hakuna nyota pembeni, hakuna maelezo chini.

Jumapili ile aliianza akiwa wa pili, mikwaju miwili nyuma ya McIlroy, na walikuwa wanacheza pamoja. Kisha akaanza kuporomoka. Siku ile alipiga mikwaju 75, na kila shimo sisi tulikuwa tunahesabu nani kampita. Juu kabisa McIlroy na Justin Rose walimaliza sawa, mikwaju 11 chini ya kiwango cha uwanja, wakarudishwa shimo la 18 mpaka McIlroy akashinda. Huku kwetu ilishafika saa nane usiku. Patrick Reed wa tatu, Scottie Scheffler wa nne. Wa tano? DeChambeau na Sungjae Im wa Korea Kusini, wote 7 chini. Tulipiga kelele mpaka mama mmoja jirani akatoka na kanga begani akiuliza nani kafa maji.

Asubuhi naangalia akaunti: 30,000. Na kodi naiweka pembeni, hiyo nilishaijua.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa kwanza akasema nisubiri saa 24. Nikasubiri. Kaka wa pili akasema, "Hiyo ni dedi hiti, ipo kwenye masharti," simu ikakatika. Nikapanda hadi Mwanga kwa wakala ninayemwekea siku zote, nikamuuliza dedi hiti ni nini. Hajui. Amekaa kwenye kile kibanda miaka, anapokea hela za watu, na neno lenyewe ndiyo kwanza analisikia kwangu.

Nimelazimika kujifunza mwenyewe: ni Kiingereza, "dead heat", yaani wachezaji kufungana nafasi moja. Nafasi iliyobaki kwenye tano bora ilikuwa moja, wameifikia watu wawili. Basi dau linakatwa vipande viwili. 7,500 inahesabiwa imeshinda, mara 4.00, unapata 30,000. Ile 7,500 nyingine inahesabiwa imeliwa. Wangefungana watatu ningelipwa theluthi. Utaratibu huu upo kwenye kampuni za kubeti duniani kote, na kwenye mbio za farasi umetumika zamani sana. Sawa, nakubali kwamba upo.

Lakini mimi nimekulia kwenye kubeti mpira, na kwenye mpira sare ina alama yake, X, unaiona, unaichagua au unaiacha. Kwenye gofu wanaofungana kileleni tu ndio wanaorudishwa uwanjani mpaka mmoja atoke. Huku chini wanaachwa hivyohivyo, na kufungana ndiyo kawaida ya mchezo, karibu kila mashindano. Kampuni inalijua hilo kabla hata sijatoa hela mfukoni! Kwa nini basi inaniandikia 60,000 kana kwamba hakuna namna nyingine? Sharti lenyewe nimelikuta kwenye ukurasa mrefu wa Kiingereza ambao unaufikia baada ya kubonyeza mara tano. Matangazo yao mbona yote ni ya Kiswahili?

Kijana mwingine wa hapa naye aliwahi kuliwa kwa sababu mchezaji wake alianza kucheza, akaumia, akajitoa. Ukishapigwa mpira wa kwanza hurudishiwi dau. Naye hakuambiwa.

Mnaotaka kuandika "acha kamari", nawaheshimu, ila nikilipia kilo mbili za sukari nikapimiwa moja hamtaniambia niache kunywa chai. Elfu thelathini kwangu ni hela ya mafuta ya kuingilia ziwani.

Ninachodai ni mstari mmoja wa Kiswahili kwenye mkeka: wachezaji wakifungana, malipo yatagawanywa. Na pale kwenye ushindi waandike kiasi cha juu na kwamba kinaweza kupungua. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni, iwabane. Barua yangu kwa Bodi nimeshaiandika, nakala ya mkeka nimeiambatanisha.

Mashindano mengine makubwa ya gofu yakija, kama PGA Championship, najua wengi humu mtaweka tano bora na kumi bora. Kabla ya kutoa hela, muulizeni wakala wenu swali moja: mchezaji wangu akifungana na mwingine nafasi ya mwisho, nalipwa shilingi ngapi? Jibu atakalowapa liandikeni hapa chini, na mji mliopo. Nitayakusanya yote niyatume pamoja na barua yangu.