Klamidia kwa mjamzito: siku ya 14 baada ya dawa PCR bado chanya, nirudie dozi?

Mkunga_Zamu: Wakuu, mjamzito wa wiki 22, swabu (kijiti cha kuchukulia sampuli) ya ukeni kwenye GeneXpert, mashine ya PCR inayosaka DNA ya vijidudu, ilisoma klamidia (maambukizi ya zinaa) chanya, kisonono hasi. Akameza azithromaisini gramu 1 mbele ya muuguzi. Siku ya 14 kipimo kikarudiwa, bado chanya. Hana dalili. Dawa imegoma?

Pipeti: Usirudie dozi kwa jibu hilo, kipimo kimewahi mno. Mashine inaona DNA tu, haijui kama bakteria ni hai au mfu, na mabaki yao huonekana wiki kadhaa. Pima wiki ya 4 tangu ameze dawa, halafu tena miezi 3 baada ya tiba. Asiye na mimba hahitaji kile cha wiki ya 4. Mjamzito anakihitaji, maana mtoto hupata maambukizi ya macho au nimonia kwa kupita tu njia ya uzazi.

dr_mtaa: Sahihi, ila mume mbona hatajwi? "Dawa imegoma" nyingi ni mume ambaye hajatibiwa. Yeye apewe doksisaiklini mg 100 mara mbili kwa siku, siku 7, na asimgawie mkewe, hiyo si ya wajawazito. Wasikutane kimwili kwa siku 7 tangu mama ameze, na mpaka mume amalize zake. Wiki ya 4 ikisoma chanya, hapo ndipo unatibu upya. Kama azithromaisini aliitapika, ipo amoksilini mg 500 mara tatu kwa siku, siku 7.

Mkunga_Zamu: Shukrani dokta, mume ataitwa. Na mashine ikiandika INVALID (jibu batili)?

Pipeti: Hiyo si hasi, usimpe mama kama jibu. Ndani ya katriji (kikasha cha kipimo kinachoingia kwenye mashine) kuna kidhibiti kinachotafuta DNA ya binadamu. Kisipoiona, swabu haikubeba seli: ingiza sm 5 hivi, zungusha sekunde 10 hadi 30 ikigusa kuta. Ute au damu nyingi nayo huzuia kipimo. Kabla ya kumsumbua mama, chukua mikrolita 300 za sampuli iliyobaki kwenye kichupa, weka kwenye katriji mpya (ya klamidia na kisonono, ya TB haifai hata kama mashine ni ile ile). Ikigoma tena, swabu mpya. Mkojo usiukimbilie, kwa wanawake huacha baadhi ya maambukizi. Ukilazimika, ni ule unaoanza kutoka anapokojoa, mililita 20 hadi 50, si wa katikati kama wa kuotesha bakteria maabara.